Kuhamisha filta ya oili kwenye gari la zamani lililobanwa

Land Rover 109, Land Cruiser FJ40, Peugeot 504 na pikapu za Datsun bado zinapiga kazi Dodoma na vijiji vyake, na nyingi hazina tena injini zilizotoka nazo kiwandani. Injini ya Toyota ikiingizwa kwenye Land Rover Series III, mauntingi zinachomelewa, gia boksi inakaa, rejeta inapata nafasi. Siku ya kumwaga oili ndipo inaonekana kwamba filta imelalia chasisi, au imebaki upana wa kidole kufika stelingi boksi. Mkono haupiti. Mnyororo wa kufungulia haupiti. Fundi anachukua bisibisi, anatoboa filta na kuizungusha nayo, bati linachanika, na sahani ya chini yenye hesi (meno ya kuzungushia) inabaki imeganda kwenye injini.

Dawa ya hilo ni kuihamishia filta mahali penye nafasi na kuiunganisha na injini kwa hozi mbili. Lakini kabla ya kununua hozi, jaribu filta fupi. Kwa saizi nyingi za hesi kuna filta ndefu na fupi, na tofauti ya sentimita tatu inaweza kumaliza tatizo lote. Masharti ni manne: hesi ile ile, kipenyo kile kile cha gasketi ya mpira, kilimi cha ndani kinachozuia oili kurudi, na vali ya baipasi (inayopitisha oili karatasi ikiziba) kama ile ya awali. Filta fupi ina karatasi kidogo, kwa hiyo usiivumilie muda mrefu. Kwa vumbi letu mimi ningemwaga oili kila kilomita 3,000 badala ya 5,000. Kuhamisha filta ni hatua ya baada ya hapo, kwa sababu filta iliyokaa mahali pake ina kiungo kimoja tu kinachoweza kuvuja. Ukiihamisha unapata kumi: gasketi ya adapta, niple mbili za adapta, niple mbili za kichwa cha filta, ncha nne za hozi, na gasketi ya filta yenyewe.

Ukishaamua, vitu vinavyohitajika si vingi. Adapta ya kufunga kwenye injini mahali pa filta, yenye milango miwili. Kichwa cha kubebea filta, chenye milango miwili pia. Hozi mbili, niple na elbo zake, bamba la chuma la milimita 5 la kufungia kichwa, na bolti za M8. Gharama kubwa iko kwenye hozi na viungo vyake, na hapo ndipo watu wanapobana pesa, wakati ndipo injini inapofia.

Tuanze na hesi. Filta za injini nyingi za Toyota zinafungwa kwenye stadi (msumari wa hesi uliochomoza kwenye injini) ya robo tatu inchi yenye meno 16 kwa inchi. Injini nyingine, zikiwemo Nissan nyingi za miaka ya 1990, zina stadi ya M20 kwa 1.5, yaani milimita 20 na milimita 1.5 kati ya jino na jino. Kwa macho zinafanana kabisa. Ya kwanza ina kipenyo cha milimita 19.05, ya pili 20, kwa hiyo pima kwa kalipa, usikisie. Hatari ni ya upande mmoja: filta ya robo tatu haiingii kwenye stadi ya M20, lakini filta ya M20 inaingia kwenye stadi ya robo tatu, inazunguka vizuri na hata inakaza gasketi. Meno yanakuwa yameshikana kwa takriban theluthi moja ya milimita kila upande. Asubuhi ya baridi, oili nzito ikisukumwa kwa PSI 80 (paundi kwa inchi ya mraba), filta inachomoka na lita nne zinamwagika barabarani kabla dereva hajaiona taa nyekundu.

Mtego wa pili uko kwenye milango ya adapta na kichwa. Seti nyingi za kutoka Marekani zina hesi ya NPT, kipimo cha Kimarekani, ya nusu inchi, na viungo vya mabomba ya maji madukani kwetu ni BSP, kipimo cha Kiingereza. Zote mbili za nusu inchi zina meno 14 kwa inchi, ila pembe ya jino la NPT ni nyuzi 60 na ya BSP ni nyuzi 55, na vipenyo havilingani sawasawa. Kwa hiyo kiungo cha bomba kinaingia, kinakaza, na kinavuja. Fundi anaongeza tepu nyeupe ya mabomba, kinaacha kuvuja kwa wiki moja, halafu kinaanza tena. Tepu yenyewe ni tatizo jingine. Kipande kikikatika upande wa oili inayotoka kwenye filta, hakuna cha kukizuia tena. Kinakwenda moja kwa moja kwenye mfereji mkuu wa oili ndani ya injini na kuziba tundu la beringi. Tumia gundi ya majimaji ya kuzibia hesi, kidogo, ukiacha meno mawili ya mwanzo makavu. Kama mlango una hesi iliyonyooka, isiyopungua kipenyo kuelekea ncha, usitegemee gundi. Weka washa ya shaba au washa ya chuma yenye mpira katikati. Chagua aina moja ya hesi na ubaki nayo kuanzia adapta mpaka kichwa.

Sasa njia ya oili. Kwenye filta za kuzungusha, oili chafu kutoka kwenye pampu huingia kwa matundu ya pembeni, hupita kwenye karatasi, na hurudi kwenye injini kwa tundu la katikati. Adapta inazitenganisha njia hizo mbili: mlango mmoja unachukua oili ya pembeni, mwingine unairudisha katikati. Usiamini alama peke yake. Kabla ya kufunga, puliza upepo kwenye mlango mmoja wa adapta na uangalie unatokea wapi. Ukitokea kwenye duara la pembeni, huo ndio mlango wa kwenda kwenye filta, na hozi yake inaishia kwenye mlango wa kichwa unaofikisha oili pembeni mwa filta. Fanya hivyo hivyo kwa kichwa. Weka alama ya rangi kwenye hozi moja ncha zote mbili.

Hozi zikipishana, oili inaingia kwenye filta kwa katikati na kutaka kutokea pembeni. Kile kilimi cha mpira kinasukumwa kikaziba matundu yote. Oili haipiti, pampu inafungua vali yake ya usalama na kuirudisha sampu (bakuli la oili chini ya injini), na beringi zinazunguka kavu. Kama kitambuzi cha geji kiko kwenye mfereji mkuu baada ya filta, utaona sifuri na kuzima. Kama kimehamishiwa kwenye adapta upande wa pampu, geji itasoma presha nzuri kabisa huku injini inakufa. Kwa sababu hiyo kitambuzi kikae baada ya filta, sikubaliani na mpangilio mwingine wowote.

Vali ya baipasi nayo iangaliwe. Injini nyingine zina vali hiyo ndani ya bloku, nyingine zinategemea iliyo ndani ya filta. Kama bloku haina na kichwa hakina, nunua filta yenye vali, la sivyo karatasi ikiziba oili inakatika.

Mahali pa kufunga kichwa panahitaji kufikiriwa kwa siku, si kwa dakika. Filta ining'inie mdomo juu, ili ibaki imejaa injini ikizimwa na isimwage oili ukiifungua. Chini yake iachwe nafasi ya kuitoa: hesi inataka sentimita mbili au tatu za kushuka, kisha mkono na chombo cha kukinga. Isiwe juu kuliko injini, maana kilimi kikichoka oili inarudi sampu usiku na asubuhi utasikia injini ikigonga sekunde kadhaa. Isiwe chini kuliko bomba la chasisi, kwa sababu mawe ya barabara za Bahi na Chamwino hayachagui. Isiwe nyuma ya tairi la mbele wala karibu na ekzosi.

Kwenye Land Rover, madigadi ni ya aluminiamu nyembamba. Ukifunga kichwa hapo bila bamba la nyuma, uzito wa filta iliyojaa na mtikisiko wa barabara ya vumbi vinapasua bati kuzunguka bolti. Chasisi ni bora zaidi, lakini toboa katikati ya ubavu wake, si ukingo wa juu wala wa chini ambako ndiko inakobeba mzigo. Chasisi hiyo ni ya boksi, ina uwazi ndani. Bolti ikipita pande mbili iwekewe kipande cha bomba ndani, la sivyo ukikaza unaiminya.

Hozi iwe ya haidroliki ya nusu inchi, yenye waya ndani, ile ile wanayopresi, yaani kubana viungo kwenye ncha zake kwa mashine, kwa matrekta na magreda. Presha haiisumbui: injini inatoa PSI 80 au 100 kwa wingi wake, na hozi hiyo inabeba mara nyingi zaidi. Kinachoiua ni joto. Hozi nyingi za haidroliki zimeandikwa mwisho nyuzi joto 100, na oili ya injini inayopanda mlima na mzigo mwezi Novemba inaweza kupita hapo. Soma maandishi ya ubavuni na uombe inayofika 120. Hozi ya rejeta, hozi ya petroli na klipu za kukaza kwa bisibisi hazina nafasi kwenye kazi hii hata kwa kufika nyumbani tu.

Hozi hiyo haikubali kukunjwa kwa duara lenye nusu kipenyo chini ya sentimita 18, ndiyo maana kwenye nafasi ndogo unahitaji elbo za nyuzi 90 au 45. Elbo nazo zikaguliwe ndani: nyingine zimeandikwa nusu inchi lakini tundu lake ni milimita 8. Kwa oili ya 20W-50 asubuhi ya Juni, tundu hilo linachelewesha presha. Chukua kipande cha biti ya milimita 11 ukijaribu kwenye kila mdomo. Kisipoingia, rudisha dukani.

Usipime urefu kwa futi. Funga adapta na kichwa, pitisha kipande cha hozi ya bustani kwenye njia halisi, ongeza sentimita nne au tano kwa sababu injini inacheza kwenye mauntingi, kisha peleka kipande hicho kwa anayepresi. Kama ncha zote mbili zina elbo, chora mstari mrefu wa chaki juu ya hozi kuonyesha kila elbo inaelekea wapi. Ikishapresiwa haigeuki tena, na hozi iliyofungwa ikiwa imejisokota hulegeza nati zake yenyewe. Ipite mbali na ekzosi kwa sentimita 10 au zaidi, au kuwe na bati la kukinga joto katikati. Ishikwe na klipu zenye mpira kila sentimita 25 hivi. Ikigusa ukingo wa bati, izungushie kipande cha hozi kuukuu.

Hozi iliyokatwa inaacha unga wa mpira na vipande vya waya ndani. Vuta kitambaa safi ndani yake kwa waya, suuza kwa dizeli, puliza kwa kompresa, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha ziba ncha zote mpaka dakika ya kufunga. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wa Dodoma unabeba vumbi laini lisiloonekana. Usiache mlango wowote wa oili wazi wakati wa chakula cha mchana. Wakati wa kufunga adapta, hakikisha gasketi ya filta ya zamani haijabaki imeng'ang'ania kwenye bloku. Gasketi mbili zikipandana zinashika kwa dakika chache halafu moja inatemwa nje. Filta yenyewe ipake oili kwenye mpira, izungushe mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko kwa mkono.

Mita moja ya hozi ya nusu inchi inabeba takriban mililita 127. Hozi mbili za sentimita 70 ni karibu mililita 180, na filta kubwa zaidi inaweza kuongeza 300. Andaa nusu lita ya ziada. Jaza filta kabla ya kuifunga. Chomoa waya wa koili, au kwa dizeli kata umeme wa solenoidi ya mafuta, upige stata kwa vipindi vya sekunde 10 ukipumzisha katikati, mpaka geji inyanyuke. Ndipo uwashe. Sekunde kumi zikipita bila presha, zima na ukague mwelekeo wa hozi. Ikikubali, iache izunguke taratibu dakika tano, mtu mwingine akimulika tochi kwenye viungo vyote kumi, kisha zima, subiri na ujaze kwa dipstiki.

Soma presha injini ikiwa ya moto kabla ya kazi na baada yake. Kushuka kwa PSI mbili tatu ni kawaida ya hozi na elbo. Kushuka kwa kumi kunamaanisha kuna tundu dogo au hozi iliyobanwa. Kaza upya baada ya kilomita 50 za kwanza, na tena kwenye 500, ukishika niple kwa spana moja na nati kwa nyingine. Kisha kila unapomwaga oili, pitisha vidole kwenye hozi yote: palipovimba, palipokauka na kupasuka, au palipokwaruzwa mpaka waya ukaonekana, hozi inabadilishwa siku hiyo hiyo.

Stadi ya awali uliyoitoa kwenye injini ili kufunga adapta usiitupe. Iweke kwenye boksi la spana pamoja na filta fupi yenye hesi hiyo hiyo na galoni ya oili. Hozi ikipasuka kati ya Manyoni na Singida, na ukiwa umezima mara ulipoona geji inashuka, unafungua adapta, unarudisha stadi, unazungusha filta fupi kwa vidole kadiri inavyokaza, unajaza oili na kuendesha polepole mpaka kwa mtu mwenye mashine ya kupresi.