Jaduong' aliyetupangia tarehe za shuti

Binti yangu alikuwa anatafuta karatasi ya kuchorea, akatoa ile skripti ya filamu yetu ya zamani chini ya kabati, kila ukurasa rangi tupu, akaniuliza, "Mama, hii ulichora ukiwa darasa la ngapi?" Nikaichukua nikaketi nayo, na chai ikapoa hapo mezani.

Zile rangi ndizo tulizotumia kuivunjavunja skripti, yaani kuorodhesha kila sini (onyesho) inahitaji nini, kabla hata ya kutafuta kamera. Nyekundu ni waigizaji, zambarau ni vifaa vya kushika mkononi, pinki ni magari na boti. Kila ukurasa unagawanywa vipande vinane, na ukurasa mzima unakadiriwa kuwa dakika moja hivi ya filamu, ndo unajua siku moja itabeba sini ngapi na pesa ngapi. Sasa kulikuwa na sini moja ya kipande kimoja tu, mstari mmoja: usiku, ziwani, mjane anatazama taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Mstari mmoja, lakini filamu nzima ilikuwa inaelekea hapo, na sikuwa tayari kuutoa hata prodyusa alipoomba.

Mwigizaji wetu mkuu alikuwa mwalimu, sote tulimwita Mwalimu tu, na nafasi alikuwa anapata wakati wa likizo tu. Likizo ya Aprili haingewezekana, maana kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa samaki wazaane. Tukabaki na Agosti 2018. Mambo ya leseni ya bodi ya filamu na barua ya kaunti nayaruka, hayo ni mafoleni na fotokopi. Tukatoka Kisumu mapema, tukafuata barabara ya Bondo hadi Luanda Kotieno, tukavuka Ziwa Victoria na feri kwenda Mbita kuona lokesheni.

Kwa bichi tulimkuta mwenyekiti wa wavuvi, jaduong' kama Wajaluo wanavyomwita mzee wa heshima, ameketi kwa ukingo wa boti, taa ya sola imefunguliwa mapajani, anakwangua kutu kwa waya na kisu kidogo. Tulimsalimia, nikamweleza filamu yote mwanzo mwisho, naye hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Nyathina, mmeuliza mwezi?" Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo.

Nikamwonyesha kalenda.

"Si hiyo. Mwezi yenyewe. Mwezi ikiwa juu omena haikuji kwa taa, sisi tunalala. Mkija hizo siku mtapiga picha ya maji tu."

Akapangusa vidole kwa suruali, akaomba penseli, akaiweka kalenda juu ya mbao ya boti na kuanza kupaka nyeusi, usiku mmoja mmoja, polepole, hakutoka nje ya mstari hata mara moja. Giza totoro lilikuwa linaangukia karibu na tarehe 11, akaenda siku kadhaa nyuma na kadhaa mbele, halafu zile za mbalamwezi akaziacha nyeupe. Mtu wa saundi akamuuliza upepo, akasema jioni unavuma halafu mvua inaweza kuja ghafla, ngojeni utulie. Yaani ratiba yetu yote ilitoka kwa ile karatasi, sini za ndani ya nyumba tukazisukuma kwa siku nyeupe, za ziwani kwa nyeusi.

Nikashukuru nikadhani tumemaliza.

"Lakini jaduong'," Mwalimu akasema, "hizi nyeusi si ndo siku zenu za kutafuta chakula?"

Akaitikia kwa kichwa. Kwa bajeti nilikuwa na mstari umeandikwa kukodisha boti, bei ya kutembeza wageni, na hapo ukabadilika kuwa bei ya omena ya usiku mzima, ya mwenye boti na kila mtu anayepanda. Kisha mama mmoja aliyekuwa anatandaza omena juu ya nyavu karibu yetu, mikono inang'aa magamba, akasema bila kusimama, "Na sisi tunaongojea hizo boti alfajiri na makarai?"

Tuliwatolea kitu kutoka ile asilimia 10 ya bajeti tuliyoweka kwa dharura. Tukakubaliana boti mbili tu zibaki karibu na kamera na zingine ziende kuvua kawaida, na hizo za mbali ndizo taa nyingi unazoziona kwa picha. Mimi naona hiyo ndiyo kazi ya maandalizi, zaidi ya mambo ya lenzi, na vijana wanaoniletea bajeti zao siku hizi huwa nawauliza kwanza, ni nani analala njaa siku yenu ya shuti?

Ila yule mama hakuwa amemaliza. Aliuliza, "Na hiyo filamu mkiiuza, mtarudi kwa hesabu?" Nikamwambia sijui kama itauzika. Akasema hajauliza hivyo, ameuliza kama tutarudi. Ile sini ya ziwani bado iko kwenye filamu, na swali lake bado sijalijibu.