Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa shule na chupa zisizo na lebo

Saa 12:00 asubuhi ninafungua zahanati ya shule, ambayo ni chumba kimoja chenye vitanda vitatu na kabati la dawa. Shule yetu ni sekondari ya bweni wilayani Muheza, mkoani Tanga, na wengi walio nje ya uzio huamini kwamba muuguzi wa shule hugawa parasetamo na kuwabaini wanaotegea vipindi. Foleni ya leo ni mafua, fangasi wa miguu, jino bovu na homa mbili ninazozipima malaria. Mmoja wao anayo, naye ananiomba badala ya vidonge nimruhusu anywe chai ya pakanga aliyopewa na baba yake. Ninamweleza kwamba baba yake hakukosea kuuheshimu mmea huo, kwa sababu artemisinini, ambayo ndiyo asili ya dawa mseto, ilipatikana humo, na Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini kikombe cha majani hakina kipimo kinachojulikana, na Shirika la Afya Duniani halishauri chai hiyo kutumika kutibu malaria. Anameza mseto mbele yangu, baada ya uji.

Saa 2:00 matroni ananiletea mfuko wa vitu vilivyokutwa bwenini katika ukaguzi: unga wa mlonge, majani makavu ya mwarobaini, mafuta ya habasoda. Kanuni ya shule inasema dawa zote zikabidhiwe kwangu, na wanafunzi wameielewa kuwa ni kunyang'anywa, kwa hiyo wanaficha. Mlonge ninaurudisha, kwa kuwa mwenyewe huunyunyizia maharage tu. Vingine ninaviandika katika daftari pamoja na jina la mwenyewe, nipate kumwita na kumuuliza anatibu nini.

Saa 4:00 kasorobo ninaitwa kidato cha tatu. Binti amelala juu ya dawati, amekwisha kutapika mara kadhaa, viganja vimelowa jasho na ulimi umepata rangi ya kahawia ambayo si ya chai wala ya uji. Ninamuuliza amekula nini, ananijibu kwamba hajala kitu. Ninamuuliza amekunywa nini, ananyamaza. Makamu mkuu wa shule, ambaye mawazo yake yalikwisha kufika kwenye mimba, amesimama mlangoni na haonyeshi dalili ya kuondoka, nami ninajua kwamba muda wote atakaosimama pale sitapata jibu. Ninamwomba atupishe. Hapo ndipo rafiki wa binti ananinong'oneza kwamba ipo chupa ndani ya tranka, chini ya khanga, imeviringishwa gazeti.

Ni chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, imebaki robo tu, na chini limetuama tope jeusi lenye harufu ya moshi na karafuu. Ni dawa ya chango, ya maumivu ya hedhi, ambayo alitakiwa kunywa vijiko viwili asubuhi na jioni, lakini maumivu yalipozidi usiku akaona vijiko vinamchelewesha.

Ninampigia mama yake, ambaye yuko gengeni Korogwe. "Sista, hiyo dawa hata mimi nimeinywa, haina tatizo." Ni mti gani? Hajui, bibi ndiye anayejua, na bibi yuko Handeni na simu yake imezimwa. Tunapitia kwa jirani. Jirani anakwenda kumwita. Bibi anapofika kwenye simu anakataa kuutaja mti, kwa sababu dawa ikitajwa hupoteza nguvu, na ninalazimika kumbembeleza, "Bibi, shikamoo, mjukuu wako anatapika, daktari ataniuliza," huku kwa mkono mwingine ninamnywesha binti maji ya ORS kwa kijiko. Hatimaye anautaja kwa Kizigua, nami ninaliandika jina jinsi nilivyolisikia. Gari la shule limekwenda kuchukua mahindi. Tunapanda bajaji.

Katika kituo cha afya tunangoja, tunangoja tena. Tabibu anauliza lile lile, na safari hii ninayo chupa na karatasi ya kumkabidhi. Kipimo cha mimba, anachofanyiwa binti yeyote mwenye tumbo la namna hii, kinaonyesha hana. Anawekewa dripu, na mchana unapita hivyo, mimi nikiwa sijatia kitu kinywani.

Jioni, sijui saa ngapi, tumerudi na mama amefika kwa basi. Amebeba chupa ya uji na, nikiwa bado ninashukuru, anatoa nyingine. "Hii ni nyepesi, Sista." Ninapoiweka kando ananiuliza kama sisi wa hospitali tunazidharau dawa zao. Ninamjibu kwamba mimi mwenyewe nimekuzwa kwa mwarobaini, na kwamba Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga na kuunda Baraza la kuwasajili. Ninachotaka ni kujua kilichomo na kipimo chake. Hakuridhika sana. Tumekubaliana kwamba binti atapewa ibuprofeni baada ya chakula siku ya kwanza tu ya maumivu, wakati wa likizo atapelekwa hospitali kuchunguzwa, na chupa itarudi Korogwe.

Makamu anataka jina la binti kwa ajili ya kikao cha nidhamu. Nimemwambia kwamba akimwadhibu huyu, anayefuata atatapika akiwa amefunga mdomo, na hakutakuwa na rafiki wa kuninong'oneza. Badala yake nimeomba fomu ya kujiunga iongezewe mstari: mzazi aandike dawa ya asili anayotumia mtoto, jina la mti na kipimo, na mtoto aje nayo kwangu bila adhabu. Amesema litajadiliwa kikaoni Ijumaa, kama muda utatosha.