Residensi ya saikiatria Marekani kwa daktari aliyesomea Afrika Mashariki: nilivyoomba na nilivyofanya usaili

Kila programu ya residensi ya saikiatria ya Marekani, yaani mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya akili, inayosoma maombi ya daktari kutoka nje ina swali moja, iwe italitamka au la: huyu anataka saikiatria, au anataka Marekani tu? Fani hii zamani haikugombaniwa. Sasa nafasi zake karibu zote hujaa siku ya Match, siku ya matokeo ya mfumo unaowaoanisha waombaji na programu, na wakurugenzi wa programu wanamwogopa mwombaji aliyeikimbilia baada ya kuona alama zake hazifiki kwenye upasuaji. Kila karatasi niliyotuma niliipima kwa swali hilo. Iliyoshindwa kulijibu niliiandika upya.

Lakini kabla ya yote, anza na jina. Majina yetu huwa matatu, na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, shahada na pasipoti huweza kuyapanga kila kimoja kivyake: Mohamed hapa, Mohammed pale, jina la babu limerukwa kwingine. ECFMG, chombo kinachothibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani, hulinganisha majina herufi kwa herufi, na kituo cha mtihani hakimwingizi mtu ambaye kitambulisho chake hakilingani na kibali chake. Rekebisha kwa hati ya kiapo au ya kubadili jina, na pasipoti iwe ndiyo kipimo, kabla hujalipia mtihani wowote. Ukilikuta tatizo hili mwezi Agosti, msimu umekupita.

Cheti cha ECFMG kinahitaji kufaulu Step 1 na Step 2 CK, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, kufaulu OET ya udaktari kwa ajili ya Kiingereza, kuthibitisha ujuzi wa vitendo kupitia mojawapo ya njia zinazoitwa Pathways (zilizochukua nafasi ya mtihani wa Step 2 CS uliofutwa 2021), na chuo chako kuthibitisha shahada moja kwa moja. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayokwamisha wengi wetu. Ombi hulala ofisini kwa msajili kwa sababu aliyekuwa akilishughulikia amehamishwa, au barua pepe imeangukia kwa mtu asiyejua ni ya nini. Nenda mwenyewe, mtafute mwenye mamlaka ya kusaini, mweleze ombi litafikaje, kisha rudi baada ya wiki mbili. Uchelewe uchelewavyo, uwe na cheti mkononi ifikapo Septemba. Sheria inakuruhusu kuomba bila cheti, lakini programu nyingi huchuja kwa kigezo hicho.

Tangu tarehe 26 Januari 2022 Step 1 haitoi namba, hutoa umefaulu au umefeli. Mzigo wote wa namba umehamia Step 2 CK. Usiifanye kwa haraka ili tu uwahi msimu. Kusubiri mwaka mmoja kuna gharama yake pia, kwa kuwa programu nyingi huchuja kwa mwaka wa kuhitimu, na zipo zisizopokea mtu aliyemaliza chuo zaidi ya miaka mitano iliyopita. Hata hivyo, kwa maoni yangu, alama dhaifu ni nzito kuliko mwaka mmoja ulioujaza kwa kazi ya afya ya akili.

Sasa fomu yenyewe ya maombi, inayojazwa kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao ERAS. Ina nafasi 10 za uzoefu, na kati ya hizo unachagua 3 zenye maana kubwa kwako, ambazo unaziongezea maelezo mafupi. Hapa ndipo watu hupoteza maombi yao bila kujua. Wanaandika "nilihudumia wagonjwa wodini" mara kumi kwa maneno tofauti. Andika ulichokifanya wewe: wagonjwa wangapi kwa zamu, dawa gani zilikuwepo, uliamua nini mwenyewe na nini ulimpelekea mkubwa wako. Daktari aliyefanya kazi mahali penye haloperidoli, klopromazini na sindano ya flufenazini ya kila mwezi, pasipo na kipimo cha litiamu kwenye damu, ana jambo la kueleza ambalo mhitimu wa Boston hana: namna ya kumfuatilia mgonjwa kwa macho, kwa mikono na kwa kuongea na ndugu zake. Vivyo hivyo aliyepita kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Ya Muhimbili ilifunguliwa Februari 2011, na Marekani inayohangaika na vifo vya afyuni itataka kumsikiliza mtu aliyewahi kusimama kwenye dirisha la kugawa dozi kila asubuhi.

Maelezo binafsi yasizidi ukurasa mmoja, hata kama fomu inaruhusu zaidi. Nilikata aya yote ya utotoni, nikaanza na mgonjwa. Badilisha umri, mahali na jinsia yake kadiri inavyowezekana bila kuharibu maana, kwa maana msomaji wa saikiatria hupima kwanza kama unajua kutunza siri.

Barua za wadhamini unaweza kutuma 4 kwa kila programu. Mbili angalau ziandikwe na madaktari bingwa wa magonjwa ya akili, na moja kati yao iwe ya daktari aliyekuona ukifanya kazi Marekani, hata kama ni kwa wiki nne za kuangalia tu. Mdhamini huipakia barua mwenyewe kupitia tovuti, kwa namba iliyo kwenye fomu utakayompa. Mpelekee fomu hiyo mapema, mwambie aangalie folda ya barua taka, na umkumbushe kwa adabu. Kubwa zaidi ni maudhui. Barua za kwetu husifu utii: mchapakazi, mnyenyekevu, ana nidhamu. Zote sifa njema, lakini Mmarekani akizisoma haoni mtu. Nenda kwa mwalimu wako na karatasi moja yenye kesi tatu mlizoshirikiana, umwambie: "Mwalimu, nitashukuru ukigusia mojawapo ya hizi." Hakuna anayekasirika. Wengi hufurahi kurahisishiwa kazi.

Kuhusu idadi ya programu, gharama za msimu wa 2025, yaani wa waliotuma maombi mwaka 2024, zilikuwa dola 11 kwa kila programu hadi 30, na dola 30 kwa kila inayozidi hapo. Programu 60 ni dola 1,230. Programu 100 ni dola 2,430, bila kuhesabu ada ya nakala ya matokeo wala usajili wa NRMP, chombo kinachoendesha Match, ambao hulipwa kando. Nilipunguza kwa maswali matatu, kwa mpangilio huu: wanadhamini viza gani, wanakubali mwaka gani wa kuhitimu, na kwenye ukurasa wa marezidenti wao wa sasa kuna waliosoma nje ya Marekani? Kama miaka yote minne hakuna hata mmoja, weka dola zako mfukoni. Ishara za kuonyesha upendeleo, yaani alama unazozipa programu chache ili zijue unazitaka hasa, ambazo saikiatria ilitoa 10 msimu huo, nazo usizipeleke kwa majina makubwa yasiyokuona. Zipeleke kwa programu za daraja lako ambazo kwa kweli ungekwenda ukiitwa.

Viza ni jambo la kulisoma upya kila msimu. Walio wengi huingia kwa J-1, viza ya mafunzo inayodhaminiwa na ECFMG na inayokutaka urudi nyumbani miaka miwili baada ya mafunzo, isipokuwa upate msamaha. H-1B, viza ya kazi, inakutaka uwe umeshafaulu Step 3, mtihani unaofanyika Marekani tu, na tangazo la rais la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya. Masharti kwa uraia mbalimbali yamekazwa pia tangu 2025, kwa hiyo soma tangazo linaloihusu pasipoti yako kabla ya kulipa senti moja ya ERAS.

Msimu wa 2025 programu zilifunguliwa maombi tarehe 25 Septemba 2024, saa tatu asubuhi ya New York, yaani saa kumi jioni Dar es Salaam na Nairobi. Kila kitu kiwe ndani kabla ya hapo. Mialiko ya usaili ikianza kuja, nafasi nzuri za kalenda huisha mapema, basi washa taarifa za barua pepe kwenye simu na uwe na mtu wa kukujibia ukiwa zamu.

Na saa ziandike kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pamoja, ukutani. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma, nasi hatubadilishi. Usaili wa saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu mwezi Oktoba, na saa kumi na moja jioni kuanzia Novemba. Wa Chicago ni saa kumi na mbili jioni, wa California ni saa mbili usiku, na siku ndefu ya huko inaweza kukupeleka hadi saa nane usiku. Lala mchana. Andaa laini za mitandao miwili tofauti, kompyuta yenye betri iliyojaa, taa ya kuchaji mbele ya uso wako na si nyuma, na namba ya simu ya mratibu wa programu kwenye karatasi. Umeme ukikatika, piga simu ndani ya dakika tano. Waratibu hupanga upya bila ugomvi kwa mtu aliyetoa taarifa.

Usaili wenyewe mara nyingi ni vikao vitatu hadi vitano vya dakika 20 hadi 30, na kabla yake kikao cha jioni na marezidenti. Kikao hicho huitwa cha mazungumzo tu, lakini usikiruke, maana ndiko utakakosikia ukweli wa zamu za usiku. Maswali ya kitabibu ni machache. Wanachopima ni namna unavyofikiri juu ya mtu, na juu yako mwenyewe.

Hapo malezi yetu yanaweza kutuponza. Tumefundishwa kutomkodolea macho mkubwa, kujibu kwa ufupi, kusubiri tuulizwe, na kusema "tulifanya" hata pale tulipofanya peke yetu. Kwa mzee wa nyumbani hiyo ni heshima. Kwenye skrini husomeka kama mtu asiye na hamu, au asiye na lake la kusema. Sikuacha adabu, nilijifunza kuihamisha. Tazama kamera, si picha ya msaili wala uso wako. Jibu kwa dakika moja na nusu hadi mbili. Sema "nilifanya" pale ulipofanya. Maliza jibu kwa kitu ambacho msaili anaweza kukishika na kuuliza zaidi. Jirekodi kwa simu, usikilize. Inaumiza masikio, lakini hakuna mazoezi yanayoshinda hayo.

Kwa "kwa nini saikiatria?" usijibu kwamba unapenda kusikiliza watu. Kila mtu hujibu hivyo. Chukua mgonjwa mmoja. Tuseme mama aliyejifungua siku kumi zilizopita, halali, anasema mtoto amebadilishwa, na familia inataka kumpeleka kwa mganga kwa sababu ni majini. Eleza uliwaambia nini ndugu ili wakubali dawa bila kuwadharau. Eleza ulichokosea, labda uliongea na mume kwa muda mrefu kuliko ulivyoongea na mama mwenyewe. Eleza ungefanya nini leo. Ndani ya kisa hicho wamekwisha kuona uchunguzi wako, staha yako na uwezo wako wa kujikosoa.

Lugha yetu nayo ni mtaji. Mgonjwa wa Kiswahili hasemi ana sonona. Anasema ana mawazo, kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu. Daktari anayejua kuanzia hapo amekwisha kufanya kile ambacho DSM-5, mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili, imekiwekea mahojiano ya maswali 16 ya utamaduni. Programu zilizo kwenye miji yenye wahamiaji kutoka Kongo, Burundi na Somalia huelewa haraka thamani yake, ukiieleza kwa mfano, si kwa majivuno.

Pengo kwenye wasifu au mtihani uliofeli ujibiwe kwa sentensi nne: kilichotokea, sababu, ulichobadilisha, matokeo baada ya hapo. Usimlaumu mtu. Ugonjwa wako wa akili, kama upo, ni wako. Huna wajibu wa kuueleza, na ukiamua kuueleza, eleza kile tu ambacho unaweza kukizungumza kwa utulivu hata ukiulizwa swali la pili. Programu hairuhusiwi kukuuliza utaipanga namba ngapi kwenye orodha ya upendeleo utakayoituma baada ya usaili. Ikiuliza, sema umeipenda kwa sababu hii na ile, uishie hapo.

Orodha yako ya upendeleo ipange kwa moyo wako wa kweli. Hesabu ya Match huanza na orodha ya mwombaji, hivyo kuiweka juu programu usiyoipenda kwa kudhani ndiyo itakayokuchukua hakukusaidii kitu. Usiweke kabisa mahali usipoweza kuishi miaka minne, kwa sababu matokeo ni mkataba. Mwaka 2025 orodha ilifungwa tarehe 5 Machi saa tatu usiku ya New York, kwetu saa kumi na moja alfajiri ya tarehe 6. Jumatatu ya wiki ya Match utajua kama umepata. Kama hukupata, SOAP, duru ya pili ya wiki hiyohiyo, inakupa maombi hadi 45 kwa nafasi zilizobaki, na ni marufuku kuwapigia programu kabla hawajakutafuta. Uwe na maelezo binafsi ya pili ya tiba ya familia au ya ndani yaliyokwisha kuandikwa, maana siku hiyo hutakuwa na utulivu wa kuandika.

Ukipata kwa J-1, kazi inayofuata ni barua ya mahitaji kutoka wizara ya afya ya nchi yako, inayosema nchi inahitaji madaktari wa fani hiyo, yenye maneno yaliyowekwa na Wamarekani na yenye kutaja saikiatria waziwazi. Mafunzo huanza karibu na tarehe 1 Julai, na kuna viza ya kuombewa katikati. Peleka nakala ya maneno hayo wizarani wiki hiyohiyo ya matokeo, na kabla barua haijagongwa muhuri, omba uisome: jina lako liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, yote matatu, kwa mpangilio uleule.