Besi Alinasa Treni Ilipofika Isaka

Nilipohamia Texas nilijitangaza mvuvi kabla hata sijanunua ndoano. Mtu aliyekulia Igombe, Mwanza, aliyetoroka shule kufuata furu na sato, nani atamfundisha samaki? Kiangazi cha kwanza kilinipa kichwa zaidi. Kila Jumamosi nilikuwa narudi na picha, naituma kwenye kundi letu la Watanzania wa hapa Denton, na shemeji zangu wananijibu kwa vigelegele.

Samaki mwenyewe ni besi. Ana mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni, na mdomo ukiufungua ngumi inaingia. Ukimwangalia haraka utadhani ni sangara mdogo aliyefukuzwa nyumbani kwa ulafi. Wakati wa joto hana maringo: mnyoo wa plastiki unaburuzwa chini polepole, anaubeba. Basi nikadhani nimemmaliza.

Ikaja Novemba, ikaja Desemba. Sikupata hata mdono mmoja. Wiki saba! Picha zikakoma, na kwenye kundi kuna ndugu yangu mmoja wa Tanga ambaye hakuniacha nipumue. Kila Jumapili asubuhi anauliza, "Mzee wa Igombe, mboga iko wapi?"

Ndipo nikaanza kuomba ushauri, na hapo ndipo hela ilipoanza kuvuja. Kijana wa duka moja la vifaa vya uvuvi aliniuzia chura wa plastiki wa kuchezeshwa juu ya maji, dola kumi na mbili na ushee. Desemba! Chura mwenyewe wa kweli mwezi huo yuko chini kwenye tope amelala, halafu wangu arukeruke juu ya maji peke yake kama mlevi? Sikuwaza hivyo siku ile, nilishukuru na kulipa. Mwenzangu wa ghalani, tunakofanya kazi zamu ya usiku, akasema tatizo ni rangi. Nikanunua rangi nane za kitu kilekile. Yule wa Tanga naye akatoa fatwa kwamba besi hali chakula wakati wa baridi, nilale hadi Aprili.

Hili la mwisho ndilo lililoniudhi zaidi, maana nilikuja kulifuatilia. Besi mkubwa kuliko wote katika rekodi ya jimbo zima la Texas alivuliwa kwenye bwawa la Lake Fork mwezi Januari 1992, ratili 18.18, yaani zaidi ya kilo nane. Januari! Kwa hiyo anakula. Swali ni anakula nini, na mimi nilikuwa namletea nini.

Kabla ya kulijibu nilifanya ujinga mmoja ambao lazima niueleze. Kwetu mvuvi anayeheshimika yuko majini alfajiri. Basi siku moja mwanzoni mwa Januari niliamka saa kumi usiku, nikaendesha hadi bwawa la Ray Roberts, upande wa Isle du Bois. (Ni hifadhi ya jimbo. Kiingilio dola saba hivi, na ukivua kutoka ufukweni ndani ya hifadhi za jimbo la Texas huhitaji leseni. Mkoba wangu uliliona hilo kabla ya macho.) Nilivaa koti mbili na kofia ya mtoto, ile yenye masikio, ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Nikatupa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne mshipi ukagoma kutoka. Kumbe maji yanayobaki kwenye zile pete za fimbo yameganda yakawa barafu. Nikawa natupa mara moja, nazinyonya zile pete kama mtoto na lambalamba, natupa tena. Jua lilipochomoza mdomo ulikuwa hauna hisia na samaki wote wa Ray Roberts walikuwa wamelala salama. Nikazamisha kipimajoto cha mke wangu cha kupimia nyama: nyuzi 9 za sentigredi.

Hapo nikakaa juu ya jiwe nikafikiri kama mtu mzima. Ziwa letu Victoria maji ya juu ni nyuzi 24, 25, mwaka mzima. Samaki wa kwetu hajui baridi ni nini, na mimi sikuwahi kuhitaji kujua. Damu ya samaki inafuata maji. Maji yakishuka chini ya nyuzi 15 huyu besi anapoa, tumbo linasaga polepole, na yakifika 10 hakimbizi kitu. Lakini kikisimama mbele ya pua yake, kinakaribia kufa, atajivuta akimeze. Na kitu hicho kipo. Kuna kisamaki cha rangi ya fedha kinaitwa shadi, ni kama dagaa aliyenenepa, na baridi inamuua. Maji yakikaribia nyuzi 7 anaanza kufa. Kabla ya kufa anashtuka mara mbili tatu, kisha anatulia katikati ya maji bila kupanda wala kuzama. Huo ndio mlo wa besi wa Januari. Chura hayumo, na rangi nane hazimo.

Chambo bandia kinachoigiza hivyo wenyeji wanakiita jekibeti. Ni kisamaki kigumu, chembamba, urefu kama wa kidole cha kati na zaidi kidogo, kina ulimi wa plastiki mbele unaokizamisha ukivuta. Zipo za aina tatu: inayopanda ukiiacha, inayozama, na inayosimama palepale. Unataka hii ya tatu. Nililipa kama dola kumi.

Ilikuwa inapanda. Pakiti imeandikwa inasimama, bwawani inapanda polepole kama mtu anayejifanya hataki kuondoka. Nikarudi nyumbani nikajaza hodhi la bafuni, nikaitia. Ilisimama kabisa! Imetulia katikati ya maji, haiyumbi. Wiki iliyofuata bwawani, inapanda tena. Nilikaribia kuitafuna.

Jibu lilinijia nikiwa kazini napanga maboksi, nikacheka peke yangu. Bafuni nilijaza maji ya moto ya bomba. Maji ya baridi ni mazito zaidi, yanakisukuma chambo juu. Kinachosimama kwenye maji ya kuoga kitapanda kwenye maji ya Januari. Asubuhi nikapitia kituo cha mafuta nikanunua mifuko miwili ya barafu. Muuzaji aliitazama barafu, akatazama nje ambako kuna baridi ya kutosha bure, hakusema kitu. Nikaimwaga yote kwenye hodhi, nikakoroga, kipimajoto cha nyama kikashuka hadi 9. Jekibeti ikaanza kupanda mbele ya macho yangu. Nikachukua waya wa lehemu, ule wa mafundi redio, nikauzungusha kwenye shina la ndoano ya mbele. Mizunguko mitatu, ikazama kama jiwe. Nikakata kidogo. Nikakata tena. Mzunguko mmoja na nusu, ikasimama, pua imeinama kidogo kama inanusa. Nilikaa nayo pale nusu saa.

"Baba Neema," mke wangu akaniita kutoka nje ya mlango, "huko bafuni unasalimiana na nani?"

Nilikuwa nahesabu vituo vya treni. Hii nayo ni siri yangu na nimeamua kuitoa. Kila mtu anakwambia ukivuta mara mbili, tulia. Wewe unatulia sekunde mbili, mkono unawasha, unavuta. Kuhesabu namba hakusaidii, unaziharakisha. Mimi nataja vituo vya reli kutoka nyumbani, taratibu, kwa sauti: Mwanza, Fela, Mantare, Malya, Malampaka, Shinyanga, Isaka, Bukene, Tabora. Najua nimeruka vingine, treni yangu ni ya haraka. Wakati wa vuli, maji yakiwa nyuzi 15, nashuka Mantare. Januari tiketi ni ya Tabora.

Nilirudi Ray Roberts siku ya tatu ya jua mfululizo, saa nane mchana, siyo alfajiri tena. Siku moja baada ya upepo wa baridi wa kaskazini kupita, anga likiwa jeupe, usihangaike, baki nyumbani na chai. Nilichagua ukingo wa mawe unaotazama jua, maana mawe hushika joto. Kipimajoto kilisema 11. Nikatupa sambamba na ukingo, nikavuta mara mbili. Mwanza, Fela, Mantare... Mara ya sita au ya saba, treni inaingia Isaka, mshipi ukasogea kidogo pembeni. Hakuna mdono wala kishindo, ni uzito tu, kama mtu ameweka mkono begani. Nikainua fimbo.

Alikuwa na ratili nne na robo, karibu kilo mbili. Nilipiga kelele za Kisukuma ambazo bwawa lile halijawahi kusikia. Nikapiga picha, nikamrudisha majini kama wafanyavyo wenyeji kwa samaki wakubwa, nikaituma kwenye kundi. Yule wa Tanga akajibu: "Umemvua au umemsalimia?"

Tangu hapo nimepata wengine tisa kwa jekibeti ile, kabla haijakwama kwenye mti uliozama na kubaki huko. Nimenunua mbili nyingine, moja ya bei ambayo mke wangu haijui, na zote zimepita kwenye barafu. Rangi? Fedha na nyeupe maji yakiwa meupe, basi. Upepo ukiwa mkali kiasi cha kulegeza mshipi naacha jekibeti nachukua jigi, ndoano yenye kichwa cha madini ya risasi na manyoya, naiburuza chini penye mawe hadi nichoke, halafu nakwenda nusu ya mwendo huo. Februari maji yakianza kujaribu kupanda, Texas nzima inavuta krenkibeti, kisamaki kingine bandia, nyekundu isiyo na ulimi, ile yenye njuga tumboni, juu ya majani, kwa sababu kamba wenye magando wanatoka. Inafanya kazi, lakini haina utamu wa kungoja Isaka. Na usitumie mshipi wa kusukwa kwa jekibeti, unaelea na kuharibu hesabu yote uliyoifanya bafuni.

Wiki iliyopita ndugu yangu wa Tanga alinipigia, sauti ya chini, akaniomba "kile kidude". Nikamwambia kaka, kwako nina kitu kizuri zaidi. Nimempa yule chura.