Wabongo wa Maryland, hili la basi la shule tuongee

Mi naendesha basi la shule huku Montgomery County, Marekani, na haipiti wiki sijakutana na mtu wetu analalamika kaletewa faini ya dola 250 kwenye sanduku la posta na hakuna polisi aliyemsimamisha. Ndugu yangu ni kamera hiyo. Ipo ubavuni mwa basi, nikifungua ule mkono wenye kibao chekundu cha stop na taa nyekundu zikianza kuwaka na kuzima inarekodi kila anayepita badala ya kusimama, polisi anaiangalia video kwanza ndo barua inatumwa kwa mwenye gari. Ukimwazima shemeji yako gari barua inakuja kwako wewe.

Wengi tunakosea kwenye zile barabara pana zenye njia ya katikati ya kukatia kushoto. Mtu anatokea upande wa pili, anaona basi lipo kuleee, anasema halinihusu. Linakuhusu! Kama katikati kuna zege au majani, wa upande wa pili anaendelea, lakini kama ni mistari ya rangi tu wote mnasimama mpaka taa zizime na mkono urudi. Na zile taa za njano zinazotangulia ni za kukwambia punguza mwendo, sio ukanyage mafuta uwahi.

Mwaka jana mchana mmoja nimeshusha katoto ka chekechea, begi limemfika magotini, kofia ya koti imemfunika nusu ya uso. Kanapita mbele ya basi kananiangalia kanasubiri nimpe ishara ya mkono avuke, nikampa, akapiga hatua mbili, nikaona gari inakuja na haipunguzi. Nikapiga honi, maana tumewafundisha honi ni rudi. Akarudi mbio akashika kwa mikono miwili kile chuma kirefu kinachofunguka mbele ya basi na gari ikapita pale pale alipokuwa amesimama. Hakukiachia mpaka mama yake alipovuka kuja kumchukua, mi mwenyewe miguu ilikuwa inatetemeka kwenye breki.

Sasa niambieni, pale ningesoma namba ya gari saa ngapi? Macho yangu yalikuwa kwa mtoto, sikuona hata tarakimu moja. Kamera iliiona. Kabla ya kamera dereva ndo alitakiwa akariri namba huku anawalinda watoto, haiwezekani jamani.

Kuna wanaosema ni biashara, kampuni inafunga kamera kwa gharama zake af inajilipa kwenye faini. Ni kweli, na sio vibaya kuwauliza viongozi wa kaunti hizo hela zinakwendaje, lakini usiulize huku unapita basi lenye taa nyekundu. Faini ya kamera haina pointi (alama za makosa) kwenye leseni, akikukamata polisi mwenyewe pointi zinaingia na hela ni nyingi zaidi.

Na wewe mwenye barua mkononi, imeandikwa jinsi ya kuifungua video mtandaoni. Kabla hujaenda kubisha mahakamani ifungue, usiangalie gari lako, angalia mlango wa basi.