Fashoda 1898: boila iliyobingirishwa msituni

Kati ya mizigo yote ya Kapteni Jean-Baptiste Marchand, Mfaransa aliyetumwa kuvuka Afrika aifikie Fashoda, kwenye Nile, kabla ya Waingereza, uliowatesa watu zaidi ulikuwa boila, tangi la chuma la kuchemshia maji ya injini. Stima yake, Faidherbe, ilifika pale ambapo mito ya upande wa Kongo haipandiki tena, na maji yanayoteremkia Nile yanaanzia ng'ambo ya mwinuko. Stima ikafunguliwa. Mabati, mashine, bolti, kila kilichoweza kugawanywa kikawekwa vichwani mwa watu. Boila haigawanyiki. Basi njia ikakatwa msituni, magogo yakalazwa chini, boila ikabingirishwa juu yake. Gogo lililobaki nyuma linachukuliwa, linawekwa mbele, watu wanasukuma tena. Hivyo kwa zaidi ya kilomita 100, mpaka mto Sueh.

Masimulizi ya Fashoda huanza na Wazungu wawili, Marchand na Mwingereza Kitchener, kusalimiana kwenye sitaha ya meli. Siku hiyo mambo yalikuwa yameshaamuliwa, na yaliamuliwa na usafiri.

Fashoda ilikuwa boma chakavu la Wamisri ukingoni mwa Nile Nyeupe, katika nchi ya Washilluk, leo Sudan Kusini. Uingereza ilikuwa imeikalia Misri tangu 1882 na Ufaransa haikuwahi kulimeza hilo. Mwaka 1893 mhandisi Mfaransa, Victor Prompt, alitoa mhadhara Cairo kuhusu mabwawa ya Nile: mwenye kuyashika maji ya juu anaweza kuikausha Misri au kuigharikisha. Wanasiasa wa Paris wakalichukua wazo hilo kama silaha. Tarehe 28 Machi 1895 Sir Edward Grey, naibu wa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alitangaza bungeni London kwamba Mfaransa akiingia bonde la Nile, kitahesabiwa kitendo kisicho cha kirafiki. Mwaka uliofuata Marchand alikuwa njiani.

Alishuka Loango, pwani ya Atlantiki, Julai 1896, na hapo hapo akakwama. Kutoka Loango hadi Brazzaville ni kama kilomita 500, na kila kitu kilienda kwa kichwa cha mpagazi, mzigo mmoja takriban kilo 30. Chakula, risasi, vitambaa na shanga za kununulia chakula njiani: maelfu ya mizigo. Wapagazi walikuwa wamechoka kutumikishwa, wakatupa mizigo porini wakakimbia, na wenyeji wakaifunga njia. Jibu la Wafaransa lilikuwa kuchoma vijiji. Kiongozi mmoja wa upinzani, Mabiala Ma Nganga, aliuawa akiwa amejificha pangoni. Hili husahaulika Marchand anaposifiwa kwa uvumilivu. Uvumilivu ulikuwa wa waliobeba.

Baada ya kuvuka mwinuko, kosa la pili likajitokeza: kalenda ya maji. Stima iliunganishwa upya, lakini mto ukapungua ikabaki juu ya mchanga. Askari wakakaa Wau, mahali walipopaita Fort Desaix, miezi mizima wakingoja mvua. Msaidizi wake, Baratier, alitangulia kwa mitumbwi kutafuta njia katika vinamasi vya Bahr el-Ghazal, ambako mafunjo na nyasi zinazoelea huziba mkondo hata mtu asijue mto ni upi. Juni 1898 maji yalipopanda, Marchand hakungoja tena. Alitangulia kwa mashua na kufika Fashoda 10 Julai, akiwa na Wafaransa wachache na askari Waafrika wapatao 150. Faidherbe ilimkuta huko mwishoni mwa Agosti.

Wengine waliotaka kufika Nile ya juu nao walishindwa na mambo ya aina hiyo hiyo. Kutoka Ethiopia, msafara wa Mfaransa Bonchamps ulikaribia mwisho wa 1897 ukarudi kwa kukosa mashua. Juni 1898 jeshi la Dejazmach Tesemma, jemadari wa Ethiopia, likiwa na Wafaransa ndani yake, lilifika penye mlango wa mto Sobat, likasimika bendera na kuondoka kwa sababu ya homa. Majuma matatu tu baadaye Marchand alitokea, asikute mtu.

Waingereza nao walijaribu kutoka kusini, na hapa habari inaingia kwetu Afrika Mashariki. Meja Macdonald alitumwa 1897 kupanda kupitia Uganda. Askari wake Wasudani walikuwa wametoka vita hadi vita bila kupumzika, mshahara ukiwa mdogo na umechelewa, na sasa wanaambiwa waende mbali wawaache wake na watoto. Septemba 1897 wakaasi Eldama Ravine, wakaenda kujifungia katika ngome ya Luba huko Busoga. Macdonald alipopambana nao Oktoba, sehemu kubwa ya jeshi lake ilikuwa Waswahili wa msafara. Mpango wa kuiwahi Nile ukafia hapo.

Upande wa kaskazini ndiko hesabu zilikofanywa sawasawa. Kitchener, jenerali Mwingereza aliyeliongoza jeshi la Misri, alianza mwaka 1897 kwa kutandika reli jangwani kutoka Wadi Halfa. Kufikia mwisho wa Oktoba ilikuwa Abu Hamed, karibu kilomita 370, na Julai 1898 ilikuwa Atbara. Reli hiyo ilikata kona kubwa ya Nile pamoja na maporomoko yake. Manowari ya Sultan ilitoka Uingereza vipande vipande, kama Faidherbe ilivyokuwa vipande vipande, ila yenyewe ilipanda behewa na kuunganishwa Abadieh. Msimamizi wa reli alikuwa Percy Girouard, Mkanada wa asili ya Kifaransa. Wakenya wanamjua kwa jambo jingine: ndiye gavana aliyesimamia kuhamishwa Wamasai kutoka Laikipia mwaka 1911.

Basi 19 Septemba 1898, siku 17 baada ya vita vya Omdurman alikolishinda jeshi la Wamahdi waliotawala Sudan, Kitchener alifika Fashoda na meli tano na watu wapatao 1,500. Akapeperusha bendera ya Misri, si ya Uingereza, ili asimchokoze Marchand. Nyuma yake alikuwa na simu ya waya, telegrafu. Marchand hakuwa nayo, na Paris ilipata habari za kapteni wake kupitia kwa Waingereza. Delcassé, waziri wa mambo ya nje, akaamuru kuondoka mwanzoni mwa Novemba. Marchand alitoka 11 Desemba kupitia Ethiopia hadi Djibouti. Faidherbe, baada ya jasho lote lile, ikaachwa njiani.

Na wenye nchi? Tarehe 3 Septemba Marchand alikuwa na mkataba wa ulinzi na Reth, mfalme wa Washilluk. Wiki mbili baadaye Kitchener akaandika kwamba mfalme amekana kuwepo kwa mkataba wowote. Mtu aliyezungukwa na bunduki za pande mbili angesema nini?

Tarehe 21 Machi 1899 London na Paris zikakubaliana: mpaka ufuate mwinuko unaotenganisha maji ya Nile na ya Kongo, ule ule ilikobingirishwa boila. Kwenye ramani unapendeza. Lakini Wazande wanaishi pande zote mbili, na leo wako Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Kaskazini zaidi mstari uliachwa bila kumalizwa, na hapo damu ikamwagika tena: mwaka 1910 Wamasalit, watu wa magharibi ya Darfur, walimuua Kanali Moll wa Ufaransa, na sultani wao Taj al-Din akafa vitani. Mkataba wa 1919 ukaigawa nchi yao, mashariki ikaenda Sudan, Adré na magharibi ikabaki kwa Mfaransa, leo Chad. Mwaka 2023, El Geneina, mji wao upande wa Sudan, ulipochomwa vitani, Wamasalit walikimbilia Adré kwa mamia ya maelfu. Ni mwendo wa kilomita 30 hivi, na wengi waliuawa kabla ya kuufikia mpaka.

Waingereza waliliondoa jina Fashoda kwenye ramani mwaka 1904, wakati wa mapatano yao na Ufaransa, mji ukawa Kodok. Ndani ya siasa za Paris jina halikufa. Limekuwa jina la hofu ya Ufaransa kusukumwa nje ya Afrika na wanaozungumza Kiingereza. Wachambuzi wengi wanaeleza kwa jina hilo jinsi Ufaransa ilivyoing'ang'ania serikali ya Rais Habyarimana wa Rwanda tangu 1990, waasi wa RPF walipoingia Rwanda kutoka Uganda wakiwa na makamanda wanaozungumza Kiingereza.