Kitonga nimeisukuma: Dar hadi Iringa kwa baiskeli

Baiskeli yangu ina giya 21. Siku ya pili ya safari, baada ya kuipita Mikese, nilipitwa na mzee mwenye Phoenix isiyo na giya hata moja, keria yake imebeba magunia mawili ya mkaa. Na si kwamba alinipita kwenye mteremko. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya kilima, mguu mmoja chini, nahema kama mbuzi wa mnadani. Yeye alikuwa ameshuka zamani, anasukuma taratibu, bega lake limeegemea gunia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unakwenda wapi na mabegi hayo?"

Nikamwambia Iringa. Akaangalia miguu yangu, akaangalia baiskeli, akacheka kidogo. "Basi shuka, mwanangu. Ukiona umeanza kuyumba, shuka usukume. Hapo unaimaliza miguu bure, na mlima Kitonga uko palepale unakungoja."

Nilikuwa nimesoma mengi kabla ya kuondoka, na hakuna aliyeniambia hilo.

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500. Nilijipa siku sita nikiwa na umri wa miaka 46, kitambi cha wastani, na mazoezi ya miezi miwili ya Jumamosi asubuhi. Nilichagua Julai kwa sababu mvua imekwisha na jua la Pwani limepungua ukali. Usidanganywe lakini na upepo. Kuanzia Chalinze ukielekea magharibi, kusi inakupiga ubavu wa kushoto kutwa nzima, na kila lori likikupita unajikuta umevutwa ghafla kuelekea katikati ya barabara. Shika usukani kwa mikono miwili hapo. Kunywa maji baadaye.

Kabla ya safari fundi wa mtaani kwetu alinirekebishia kiti, kazi ya dakika mbili iliyookoa magoti yangu. Wengi wetu tunaendesha kiti kikiwa chini mno, kwa uoga wa kuanguka. Kaa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukianza kukanyaga kwa unyayo wa mbele, kama inavyotakiwa, goti litabaki na mkunjo mdogo tu. Mabegi nilishonewa kwa turubai, mawili, yananing'inia kushoto na kulia mwa gurudumu la nyuma. Begi la mgongoni usilithubutu. Mpaka Kibaha utakuwa umelilaani. Vitu vizito, yaani spana, pampu na chakula, viwe chini kabisa na uzito ulingane pande zote, la sivyo baiskeli inacheza mkia kwenye miteremko.

Vifaa vyangu vilikuwa tyubu mbili, viraka, solusheni, spoku sita, kipande cha cheni, spana ya kufungulia magurudumu na waya wa breki. Nguo, suti mbili za kuendeshea na moja ya kulalia. Nilibeba pia jiko dogo la gesi na sufuria, ujinga mtupu. Barabara hii kila baada ya mwendo fulani kuna mama ntilie, na sahani ya wali maharage ndiyo mafuta ya safari yenyewe. Lile jiko nilimwachia mwenye gesti Morogoro.

Kifaa ambacho nisingekubali kukiacha ni kioo cha pembeni, cha pikipiki, nilichokifunga kwenye usukani upande wa kulia. Barabara hii ndiyo inayobeba mizigo ya Zambia na Kongo, na juu ya malori kuna mabasi, na juu ya mabasi kuna magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini kwenda nchi jirani, yale yanayokimbizwa mpaka wa Tunduma kana kwamba unafungwa milele. Nilijiwekea sheria moja: nikiona kwenye kioo gari kubwa linakuja nyuma, na mbele linakuja jingine, na hesabu inaonyesha tutakutana watatu mahali pamoja, mimi natoka kwenye lami mapema. Napunguza mwendo, nachagua sehemu ambayo ukingo hauna ngazi, nashuka. Ukisubiri mpaka honi, utashuka kwa kuanguka. Kwa siku nilitoka barabarani labda mara thelathini, na mwanzoni kila mara niliona kama nimeshindwa. Baada ya yule mzee wa mkaa nikaacha kuhesabu.

Saa ya kuondoka ni 12 asubuhi, mwanga ukishaanza. Ikifika saa 6 mchana uwe umemaliza theluthi mbili za safari ya siku. Lala, kula, endelea saa 9. Usiku usiendeshe hata kama una taa kama za uwanja wa mpira.

Baada ya Morogoro, milima ya Uluguru ikibaki kushoto, niliendesha hadi Doma na hapo nikasimamisha lori. Barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na humo wamo simba, nyati na tembo ambao hawajui kama wewe ni mtalii. Rafiki zangu wengine wanasema safari iliyokatizwa na lori si safari ya baiskeli. Wao waende. Nilikaa juu ya magunia na baiskeli yangu, nikawaona twiga watatu kando ya lami, na yale mabango ya faini kwa kila aina ya mnyama utakayemgonga. Orodha ndefu kama menyu.

Mikumi mjini nilisikia "ting" wakati nashusha baiskeli. Spoku ya gurudumu la nyuma, upande wa friwili, yaani zile giya za nyuma. Huko ndiko zinakokatikia, kwa kuwa upande ule ndio unaovutwa zaidi, na kuibadili kunadai uifungue friwili kwanza. Kifaa chake sikuwa nacho, na fundi niliyempata chini ya mwembe, kijana wa miaka ishirini hivi, naye hakuwa nacho.

"Kaka, una spoku ndefu?"

Nikampa. Akakata kichwa chake, akaikunja ncha kwa koleo ikawa kulabu mbili zinazopingana, kama herufi Z, akaichomeka kwenye tundu la habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa pembeni bila kugusa friwili. Kisha akageuza baiskeli kichwa chini, akashikilia kijiti karibu na rimu, akawa anazungusha na kukaza, anazungusha na kukaza, mpaka rimu ikaacha kukigusa kijiti. Akachukua shilingi 3,000. Ile spoku ilinifikisha Iringa na bado imo mpaka leo.

Kutoka Mikumi kuna mteremko wa Iyovi, na huko ndiko nilikojifunza kuteremka. Usibane breki mfululizo: raba zinachemsha rimu, na tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu, achia, bana, achia, ukianza kabla ya kona. Chini yake joto linakupokea na mibuyu inaanza, mamia kwa mamia, hadi unafika Ruaha Mbuyuni ambako vitunguu vimepangwa kandokando ya barabara kwenye vyandarua vyekundu. Pale nilikunywa lita mbili nzima za maji yenye chumvi kidogo na sukari, nikalala saa 1 usiku kama mtoto.

Kitonga nilifika asubuhi kukiwa bado na ubaridi. Mlima wenyewe una kilomita kama 10 za kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, injini zinalia, na yanayoshuka yananuka breki. Nilipanda kwa giya nyepesi kabisa labda kilomita mbili. Kwenye kona ya tatu au ya nne gurudumu la mbele likaanza kuyumba, nikamsikia mzee wa Mikese.

Nikashuka, nikasukuma saa mbili na nusu. Nilikuwa nasimama kila kona kwenye ukingo wa nje, mahali dereva ananiona kutoka mbali, nisiwe nimebanwa kati ya treila na mwamba. Utingo wa lori moja alichungulia dirishani. "Mjomba, nipe mkono ushike nyuma!" Nikamkatalia. Wanaoshikilia malori nimewaona, na nimeona pia malori yaliyolala ubavu bondeni.

Huku juu ni dunia nyingine. Ilula ni nyanya kila upande, kwenye matenga, na baridi ambayo suti yangu ya kulalia haikuitarajia. Watu wanakusalimu "kamwene", nawe unajibu hivyohivyo. Nililala huko.

Siku ya mwisho nilipita Lugalo, penye mnara wa kumbukumbu. Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa waliuvizia hapo msafara wa Wajerumani wa Emil von Zelewski, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wajerumani walikuwa katika mstari mrefu, na wapagazi, na mizigo mingi. Nilikula ndizi mbili pale nikaendelea.

Kosa langu la mwisho lilikuwa kudhani nimefika. Barabara kuu inakushusha mpaka Ipogolo, kwenye daraja la Ruaha Mdogo, na Iringa mjini iko juu ya kichwa chako. Pembeni yangu alikuwapo kijana na baiskeli ya magunia ya viazi. Alishuka bila hata kuutazama mlima. Nami nikashuka, tukasukuma sambamba, akaniuliza kama Dar kuna kazi.